Mshubiri Gani Huu? Mbinu za Kuitambua Mishubiri ya Isiolo na Machotara Yake

Barabara ya Moyale ikishauacha mji wa Isiolo nyuma, mishubiri iko pande zote mbili. Imo njia ya Kinna, imo pia Oldonyiro. Watu wengi huitupia jicho mara moja na kusema, "Hiyo ni alovera." Siyo. Alovera halisi ni mmea wa kupandwa, asili yake Bara Arabu, na maua yake ni ya manjano. Huo ulioko mbele yako ni mwingine kabisa.

Kenya ina zaidi ya spishi 50 za mishubiri ya asili. Duniani zimetajwa zaidi ya 500. Juu ya hapo, spishi hizi huchanganyika zenyewe porini na kuzaa machotara. Wingi huo usikutishe. Katika eneo moja la Isiolo utakutana na spishi chache tu, na ukijua pa kuanzia kutazama, utazitenganisha bila shida.

Faida ipo. Kama wewe ni mwongoza watalii, mgeni atakuuliza jina na hatataka jibu la "ni mmea tu". Kama kikundi chenu hutengeneza sabuni au losheni, lazima mjue mnapanda nini. Na kama nyumbani kwenu hunywa maji ya mshubiri, basi soma kwa makini zaidi, kwa sababu kaskazini mwa Kenya kuna mshubiri ambao ni sumu. Nitaufikia.

Beba vitu vichache. Simu yenye chaji. Rula fupi. Daftari na kalamu. Lenzi ndogo ya mkononi ukiipata, na maji ya kunywa. Panga liache nyumbani, maana hapa hakuna cha kukata.

Omba ruhusa kabla ya kuingia. Ndani ya Buffalo Springs na Shaba usishuke kwenye gari bila askari wa hifadhi kukubali na kuwa karibu. Katika hifadhi za jamii kama Leparua na Nasuulu, anza kwa ofisi yao. Kwingine, muulize mzee wa eneo. Nenda asubuhi. Jua bado ni la upole, picha hutoka safi, na ndege aina ya chozi wako kazini kwenye maua. Angalia pia nyayo na kinyesi cha tembo, kwani vichaka unavyovitaka wewe, yeye pia huvitaka.

Kwanza hakikisha ni mshubiri

Pori la Isiolo limejaa mimea yenye majani manene, na si yote ni mishubiri.

Mkonge una nyuzi. Jani lake ni gumu na ncha yake ina mwiba mmoja mkali. Katani ya porini, ile inayoota kwa makundi chini ya migunga, nayo ina nyuzi na haina meno pembeni. Jani la mshubiri halina nyuzi za namna hiyo. Ukiliona limevunjika, ndani kuna ute mwangavu, na karibu na ganda kuna utomvu mchungu ambao mara nyingi ni wa manjano.

Ukiona maziwa meupe yakitoka, rudi nyuma. Hiyo ni jamii ya euphorbia. Maziwa yake huchoma ngozi, na yakiingia jichoni ni hatari. Usiguse mmea wowote ambao hujaujua, kisha ukajifuta uso.

Kagua pia mahali. Karibu na loji, shule, kanisa au boma la zamani huenda mshubiri ulipandwa, tena umetoka Afrika Kusini au Madagaska. Ukiona mistari iliyonyooka au mawe yaliyopangwa, andika "umepandwa" kwenye daftari lako kabla ya jambo lingine lolote.

Soma mmea kutoka chini kwenda juu

Wanaokosea huanza na rangi ya ua. Wewe malizia nayo. Rangi ya ua hubadilika ndani ya spishi ileile moja, na mishubiri mingi ya huku ina maua mekundu au ya waridi. Haikusaidii sana.

Anza na shina. Je, majani yametoka moja kwa moja ardhini, au kuna shina linaloonekana? Shina limesimama au limelala chini? Yasogeze taratibu majani makavu ya chini uone kilichofichwa. Fanya hivyo kwa kijiti, si kwa mkono. Nyoka na nge hupenda hapo.

Kisha hesabu vichwa. Mshubiri umesimama peke yake, au umezungukwa na machipukizi yake? Kuna spishi ambazo karibu kila mara ni mmoja mmoja, na kuna nyingine hutapakaa hadi zikafanya kichaka usichoweza kupita. Tofauti hii unaiona ukiwa mbali, na ina uzito mkubwa.

Nenda kwenye jani. Pima urefu na upana wa jani lililokomaa, lile la katikati, si la ndani kabisa wala la nje lililozeeka. Lipapase. Ni laini au linakwaruza? Linang'aa au limefifia? Lina madoa meupe? Kama yapo, yamekaa ovyo au yamejipanga kwa mikanda? Yapo juu ya jani tu au na chini?

Meno ya ukingoni yanastahili dakika nzima. Pima urefu wa jino moja na nafasi kati ya jino na jino. Tazama rangi ya ncha. Tazama pia kama ukingo wenyewe ni mgumu kama pembe, au meno yamekaa juu ya nyama ya kijani tu.

Utomvu usiufuate kwa kisu. Tafuta jani ambalo tayari limejeruhiwa na mbuzi au tembo. Andika rangi yake ukiwa mbichi na rangi yake ulipokauka. Usiuonje. Utomvu huo huharisha, na mjamzito hapaswi kuunywa kabisa.

Sasa bua la maua. Lina matawi mangapi? Matawi yanasimama wima au yanalala kando? Maua yamebanana au yameachana? Shada ni refu lenye ncha, au limebapa kwa juu? Mwisho kabisa chukua ua moja lililodondoka. Pima urefu wake. Angalia sehemu ya chini, pale linapoungana na kikonyo, kama limevimba au ni mrija ulionyooka. Hapo ndipo unapoandika rangi.

Wenyeji utakaokutana nao

Mkubwa wao ni Aloe secundiflora. Huu ujifunze vizuri kuliko yote, kwa sababu ndio utakaokuwa kipimo chako kwa mingine. Unapatikana Isiolo, Samburu, Laikipia, Baringo na kwingineko kwingi Kenya na Tanzania. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Adolf Engler, aliuandika rasmi mwaka 1895.

Kwa kawaida secundiflora husimama peke yake. Hauna shina, au una shina fupi linalofichwa na majani. Majani yake ni mapana chini na hupungua kuelekea nchani, rangi ya kijani iliyokolea. Mmea uliokomaa kwa kawaida hauna madoa. Ukingo wa jani ni mgumu, na meno yake yana ncha za kahawia iliyokolea. Utomvu ni wa manjano na ukikauka huwa kahawia.

Alama yake kuu iko kwenye bua. Bua hufika mita moja hadi moja na nusu na hutoa matawi mengi yanayoelea kando. Juu ya kila tawi maua yote hugeukia upande mmoja, kama ndege waliotua juu ya waya wa stima. Chukua ua uliweke chini ya lenzi. Utaona vidoa vidogo vyeupe vimenyunyizwa juu ya wekundu wake. Majani mapana yasiyo na madoa, maua ya upande mmoja, ua lenye vidoa: mambo hayo matatu yakikutana, una jibu.

Sasa panda mlima. Mji wa Isiolo uko kwenye takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kwenda Timau hukupandisha zaidi ya mita 1,000 nyingine, kutoka migunga hadi nyasi za nyanda za juu. Huko juu, Timau na Nanyuki, tafuta Aloe lateritia. Huu majani yake yamejaa madoa meupe marefu, mara nyingi yakijipanga kwa mikanda. Mashada yake ni mafupi, yamebanana, na huelekea kubapa kwa juu. Shika ua. Chini limevimba kabisa, kisha hubanwa, halafu hupanuka tena kuelekea mdomoni. Uvimbe huo secundiflora hauna. Ukipita zaidi, kuelekea Nyeri, kuna Aloe nyeriensis, wenye mashina marefu yaliyosimama kwa kundi. Huo haukusumbui, kwa sababu shina peke yake linatosha kuutofautisha.

Ukielekea upande mwingine, Samburu hadi Turkana, utakutana na Aloe turkanensis. Huu hauketi peke yake. Mashina yake hulala, machipukizi hutoka kila upande, na matokeo yake ni kichaka kipana chenye majani marefu ya kijani-kijivu yenye madoa. Tahadhari hapa: maua yake nayo hugeukia upande mmoja. Kwa hiyo ukitazama ua tu, utauita secundiflora. Tazama chini. Kichaka kilichotapakaa na majani yenye madoa ndivyo vinavyokuambia ukweli.

Katika nyanda kavu hizo za kaskazini kuna pia Aloe scabrifolia. Spishi hii ilielezwa na wataalamu Newton na Lavranos mwaka 1990 tu, kwa hiyo vitabu vya zamani havina. Pitisha kidole juu ya jani. Likikukwaruza kama msasa laini, uwe na huu akilini.

Na sasa ule wa sumu. Aloe ruspoliana huota Ethiopia, Somalia na kaskazini mwa Kenya. Majani yake ni ya kijani cheupe-cheupe, na meno ya ukingoni ni madogo mno. Maua yake ni ya manjano, mafupi, kwenye mashada yaliyobapa. Umejulikana kwa muda mrefu kama mmea wa kuulia fisi. Sumu iliyomo ni ya jamii ya ile ya hemlock, mmea wa Ulaya unaoua mtu. Mtu aliyesikia kuwa "alovera ina maua ya manjano" anaweza kuuchuma huu akidhani amepata dawa. Kusini, Taita, kuna ndugu yake wa hatari hiyo hiyo, Aloe ballyi, mrefu kama mti, ambao wataalamu waliutambua kwa harufu ya panya. Kanuni yangu haibadiliki: usinywe wala usimnyweshe mtu au kuku mshubiri wa porini ambao mtu anayeujua hajauthibitisha kwa jina.

Majina ya wenyeji yakusanye, lakini usiyategemee peke yake. Wasamburu husema sukuroi, Waborana hargesa, Waturkana echuchuka, Wasomali dacar. Mara nyingi jina moja hubeba mishubiri kadhaa. Uliza swali la pili: "Je, huu na ule ni mmoja?" Mchungaji mzee atakuonyesha tofauti ambayo kitabu hakikuitaja: upi mbuzi hugusa, upi hawagusi, upi utomvu wake ni mwingi. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Vitu vitakavyokudanganya

Miche. Mshubiri mchanga hupanga majani yake kwa safu mbili zinazotazamana, na mara nyingi huwa na madoa hata kama ukikua utayapoteza. Mche wa secundiflora wenye madoa umewafanya wengi kudhani wamepata kitu kipya. Usiutaje mmea ambao haujafikia umri wa kutoa maua.

Ukame. Mshubiri wenye kiu hubadilika sura. Majani hukunjamana, hujikunja kuelekea ndani, na rangi hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia. Mvua ikinyesha vizuri, kijani hurudi. Mmea mwekundu chini ya jua kali na mmea wa kijani chini ya mgunga hatua chache tu mbali unaweza kuwa spishi ileile. Kwa hiyo linganisha mimea iliyo kwenye hali moja: ya juani kwa ya juani, ya kivulini kwa ya kivulini.

Ugonjwa. Kuna utitiri mdogo usioonekana kwa macho ambao hushambulia mishubiri na kufanya maua na majani kuota uvimbe wa ajabu, kama koliflawa iliyoharibika. Hilo si chotara wala spishi mpya. Usiuguse mmea huo kisha ukashika mwingine.

Umri wa shada. Maua ya juu bado ni machipukizi, ya katikati yamefunguka, ya chini yamenyauka. Kila kundi lina rangi yake na namna yake ya kuinama. Linganisha maua yaliyofunguka tu.

Sasa chotara

Hapa watu hupenda kukimbilia, nami nakuomba upunguze mwendo. Chotara liwe jibu la mwisho, baada ya mengine yote kukataa.

Yapo kweli. Karibu mishubiri yote ina kromosomu 14, kwa hiyo spishi mbili zikikutana, kizuizi ni kidogo. Mishubiri mingi haiwezi kujichavusha yenyewe, hivyo hungoja chavua ya mwingine. Chozi hunywa kwenye bua hili kisha huruka hadi lile, na hasomi majina. Mfano unaojulikana sana uko Afrika Kusini: Aloe ferox, wenye shina moja nene, na Aloe arborescens, wenye kichaka cha matawi mengi, huzaa chotara linaloitwa Aloe × principis. Chotara hilo ni kichaka, lakini matawi yake ni machache na manene kuliko ya arborescens. Kaa na mfano huo akilini. Chotara la kwanza kwa kawaida hukaa katikati ya wazazi wake, na si kwenye rangi peke yake, bali kwenye mwili mzima.

Hatua ya kwanza: tafuta wazazi. Ukidhani umeona chotara, zunguka eneo hilo. Lazima upate spishi mbili tofauti zilizo karibu vya kutosha kwa chozi au nyuki kuzifikia zote. Ukipata spishi moja tu kila upande, karibu hakika ulichonacho ni tofauti ya kawaida ndani ya spishi hiyo.

Ndiyo sababu miteremko na mipaka ni mahali pazuri pa kutafuta. Kati ya nyanda za Timau na tambarare za Isiolo, mishubiri yenye madoa ya juu hukaribiana na secundiflora ya chini. Vivyo hivyo kaskazini, pale kichaka cha turkanensis kinapokutana na secundiflora iliyosimama peke yake. Kingo za barabara, machimbo ya murram na kingo za laga, yaani mito ya msimu, pia zikague. Ardhi iliyochimbuliwa huzipa mbegu za kila aina nafasi ya kuota pamoja.

Hatua ya pili: angalia kama wazazi hao huchanua wakati mmoja. Mmoja akiwa na maua mabichi na mwingine ana matunda yaliyokauka, rudi mwezi mwingine. Maua ya mwisho ya mmoja yanaweza kukutana na ya kwanza ya mwingine, na hilo linatosha. Andika tarehe, maana kumbukumbu za tarehe ndizo zitakazokupa jibu mwakani.

Hatua ya tatu: hesabu. Chotara mara nyingi ni mmea mmoja au michache katikati ya wazazi wengi. Ukikuta mamia yanayofanana, yote ya rika mbalimbali, huenda hilo si chotara bali ni spishi ambayo hukuijua. Hapo ndipo ugunduzi wa kweli huanza, na hapo ndipo unapohitaji mtaalamu.

Hatua ya nne ndiyo kazi yenyewe. Chora jedwali daftarini. Safu moja ya mzazi wa kwanza, moja ya mzazi wa pili, moja ya mmea unaoushuku. Jaza shina, machipukizi, urefu na upana wa jani, madoa, meno, umbo la shada, mwelekeo wa maua, uvimbe wa chini ya ua, urefu wa ua. Pima mimea kadhaa ya kila mzazi, si mmoja. Kisha tazama mmea wako umeangukia wapi.

Tuseme wazazi ni secundiflora na lateritia. Chotara lao ungetarajia liwe na madoa hafifu kwenye jani lililokomaa. Shada lisiwe refu kama la mmoja wala kubapa kama la mwingine. Maua yaelekee upande mmoja kwa kiasi, na chini ya ua kuwe na uvimbe mdogo. Ukipata dalili moja tu kati ya hizo, huna hoja. Nne au tano zikielekea katikati kwa pamoja, una hoja ya kumwonyesha mtu.

Usitumie mbegu kama kipimo. Wengi huamini chotara ni tasa kama nyumbu. Kwa mishubiri si hivyo. Machotara mengi hutoa mbegu nzuri, na huweza kuchanganyika tena na mzazi mmoja. Mtoto wa mchanganyiko huo hufanana na mzazi huyo karibu kabisa, na alama moja tu ya upande wa pili hubaki. Hao ni wagumu. Waandike kama "huenda ni chotara" na usijilazimishe kutoa jibu.

Namna ya kuandika ni rahisi. Weka majina ya wazazi na alama ya kuzidisha katikati: Aloe lateritia × Aloe secundiflora. Kama hujui nani alikuwa mama, fuata alfabeti. Usibuni jina jipya, hata ukishawishika.

Picha na nani wa kumwonyesha

Picha moja ya ua zuri haisaidii mtu. Piga mmea mzima na mazingira yake. Piga chini, pale panapoonyesha shina au machipukizi. Piga jani juu na chini, rula ikiwa pembeni. Piga meno kwa karibu. Piga bua zima, ukimsimamisha mwenzako kando ili urefu wake uonekane. Piga shada, kisha ua moja mkononi, na ua lingine lililopasuliwa kwa urefu. Ukishuku chotara, rudia zote kwa wazazi wote wawili. Bila picha za wazazi, mtaalamu hataweza kukusaidia.

Pa kupeleka ni East African Herbarium, ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1902 na ina takriban vielelezo milioni moja vya mimea iliyokaushwa. Programu ya simu ya iNaturalist nayo ni nzuri kwa kuanzia, kwa kuwa watu wanaoijua mishubiri huipitia. Lakini iambie programu ifiche mahali halisi. Wako wanaozunguka wakitafuta mimea adimu ya kuchimba na kuuza, na picha yenye ramani huwapeleka hadi mlangoni. Kwenye makundi ya WhatsApp sema "Isiolo" na uishie hapo. Mahali kamili mpe mtaalamu na wenye ardhi tu.

Usichimbe. Hata mche. Mwaka 1986 amri ya rais ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini Kenya, na mwaka 2007 zikatolewa kanuni maalumu za kuisimamia. Mishubiri yote, isipokuwa alovera, iko pia chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuivusha mpaka bila kibali ni kosa. Wanaotaka kugema utomvu kwa biashara waende kwanza Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) wapate maelezo ya vibali, na wapande yao wenyewe.

Kama kikundi chenu kina shamba la mishubiri, chotara linawahusu moja kwa moja. Mbegu mliyookota chini ya secundiflora yenye majirani wa spishi nyingine inaweza kuwa mchanganyiko. Kwa shamba linalotakiwa kutoa utomvu wa aina moja, chukueni mbegu katikati ya kundi kubwa la spishi moja, mbali na nyingine, na kwa ruhusa. Miche ikikua, ng'oeni isiyofanana na wenzake kabla haijatoa maua. Msipande mishubiri ya mapambo kutoka mjini kando ya shamba hilo, wala karibu na pori. Chavua yake haitabaki uani kwenu.

Ukirudi kwenye mmea ulioushuku, rudi angalau wakati wa matunda. Mbegu za mshubiri ni nyepesi, zina mabawa, na tunda likipasuka upepo huzibeba. Piga picha ya tunda kabla halijafunguka, pima, andika tarehe kwenye ukurasa uleule wenye jedwali lako, na uache mbegu ziende.